Jodha na Akbar: nani alimuuliza bibi harusi?

Jioni katika kata ya Dirma, wilayani Hanang, ng'ombe wakishaingia zizini na simu zikishachajiwa kwa sola, ni wakati wa tamthilia. Zipo za Uturuki na za Ufilipino, lakini zile za India zinazohusu wafalme zina wapenzi wake wa kudumu. Katika hizo, wengi wanamkumbuka Jodha: binti mfalme aliyeozwa kwa Akbar, mtawala aliyekuwa tishio kwa ukoo wake, akamchukia, kisha kidogo kidogo wakapendana.

Filamu ya hadithi hiyo ilitolewa mwaka 2008 na mwongozaji Ashutosh Gowariker. Tamthilia ndefu ilifuata kwenye televisheni ya India kuanzia 2013 hadi 2015, na kwa ving'amuzi ikafika Afrika.

Tumeamua kuichambua kwa sababu hadithi hii sasa inafanya kazi nyingine mitaani. Msichana akimkataa mchumba aliyechaguliwa na wazee, utasikia mtu akimtuliza: "Mapenzi huja baadaye, mwanangu. Si umemwona Jodha?" Basi tuulize: Jodha wa kweli alikuwa nani, na je, anafaa kuwa shahidi katika jambo hili?

Ndoa ya mwaka 1562

Akbar alikuwa mtu wa kweli. Alizaliwa mwaka 1542, akatawazwa akiwa na umri wa miaka 13 mwaka 1556, akafariki mwaka 1605. Ufalme wake wa Kimughal ulitawala sehemu kubwa ya India ya kaskazini. Yeye alikuwa Mwislamu, na kando ya dola yake walikuwapo wafalme Wahindu wa jamii ya Rajput.

Mmoja wao alikuwa Raja Bharmal wa Amer, karibu na mji unaoitwa leo Jaipur. Bharmal alikuwa amebanwa. Alikuwa na ugomvi na gavana wa Akbar aliyekuwa jirani yake, na gavana huyo alikuwa amewashika mateka jamaa zake. Mwaka 1562 Bharmal alimtolea Akbar binti yake. Harusi ilifanyika Sambhar, mateka wakarudi nyumbani, na Amer ikapata mlinzi mwenye nguvu. Mwana wa Bharmal na mjukuu wake, Man Singh, waliingia katika utumishi wa Akbar, na Man Singh akawa mmoja wa majemadari wake wakubwa.

Kwa hiyo ndoa ile ilikuwa mkataba kati ya wanaume wawili. Mmoja alitafuta usalama, mwingine alitafuta washirika. Tusimwone Bharmal kuwa baba katili. Alikuwa mzazi mwenye shida, na binti ndiye aliyekuwa mkononi mwake. Wazazi wanaofahamu mwaka wa ukame, deni, au ugomvi wa mashamba wanaweza kumwelewa. Lakini aliyebeba gharama ya mkataba ule si yeye aliyeutia mkono.

Hata jina lake hatuna

Na binti mwenyewe alisema nini? Hapa ndipo tamthilia na historia zinapoachana. Kitabu kikubwa cha historia ya utawala wa Akbar, Akbarnama, kilichoandikwa na mwanazuoni wa ikulu Abul Fazl, kinaitaja ndoa hiyo, lakini jina la bibi harusi halimo. Katika kumbukumbu za ikulu anajulikana kwa cheo alichopewa, Mariam-uz-Zamani, maana yake Mariamu wa zama hizi. Jina la Jodha alikuja kubandikwa muda mrefu baadaye. Filamu ilipotoka mwaka 2008, baadhi ya vikundi vya Rajput vililipinga jina hilo, na jimboni Rajasthan ikazuiwa kuonyeshwa.

Hakuna barua yake inayosimulia ndoa ile. Hakuna mtu aliyeandika kama alilia, kama alikubali, au kama baadaye alimpenda mumewe. Huenda alimpenda. Lakini yale maneno matamu tunayoyasikia kwenye skrini yametungwa na waandishi wa siku zetu. Pale ambapo msichana alinyamazishwa, wao wameweka mapenzi. Kwa burudani si kosa. Kosa linaanza tunapoyachukua maneno hayo kuwa ushahidi.

Jambo jingine ni kwamba tamthilia inapokazana na mapenzi, inafunika uwezo ambao mwanamke huyu alikuwa nao kweli. Alimzaa Salim, aliyetawala baada ya Akbar kwa jina la Jahangir. Alikuwa mfanyabiashara. Meli yake kubwa, Rahimi, ilibeba mahujaji na bidhaa kati ya bandari ya Surat na Bahari ya Shamu. Mwaka 1613 Wareno waliiteka meli hiyo, na jambo hilo likawa mgogoro mkubwa kati yao na Jahangir. Alifariki mwaka 1623, akazikwa Sikandra karibu na Agra. Mwanamke mwenye meli baharini ni habari nzito, lakini wengi wetu tunamfahamu kama mke tu.

Binti wa Sultani aliyeandika mwenyewe

Hatuna haja ya kwenda India kutafuta mfano wa ikulu, mapenzi na madaraka. Upo Zanzibar. Sayyida Salme alizaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni, binti wa Sultani Seyyid Said na suria wake. Wasichana wa ikulu walifundishwa kusoma, si kuandika. Salme alijifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia.

Kalamu hiyo iliingia mara moja katika siasa. Mwaka 1859 mmoja wa kaka zake, Barghash, alipotaka kumpindua kaka yao Majid, Salme, akiwa na miaka 15 hivi, ndiye aliyeandika barua za wapanga njama. Mpango ulishindwa.

Baadaye alipendana na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, jirani yake mjini. Alipopata mimba, maisha yake yalikuwa hatarini. Mwaka 1866 alitoroka kwa meli ya kivita ya Waingereza hadi Aden. Huko, mwaka 1867, alibatizwa na kufunga ndoa, kisha wakahamia Hamburg. Mumewe alifariki mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, akamwacha ugenini na watoto wadogo watatu. Mwaka 1885 Wajerumani walimrudisha Zanzibar wakifuatana na meli za kivita, dai lake la urithi likiwa chombo cha kumbana Barghash, ambaye sasa alikuwa Sultani. Barghash hakumpokea. Mwaka uliofuata Salme alichapisha kumbukumbu za maisha yake kwa Kijerumani.

Salme alichagua mwenyewe, na uchaguzi ule ulimgharimu nyumba, ndugu na nchi. Hatusemi kwamba anayejichagulia huishi raha mustarehe. Tunasema kwamba kwake yeye tunajua alichotaka, kwa sababu alikisema. Na hata hivyo tusome kwa macho mawili: kitabu chake kinautetea utumwa, na watumwa waliomhudumia hawakuachiwa kalamu.

Sheria inasema nini leo

Sasa turudi nyumbani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 16, inasema wazi kwamba hakuna ndoa bila ridhaa ya hiari ya kila mmoja wa wanaooana. Mzazi hana mamlaka ya kuridhia kwa niaba ya binti asiyetaka.

Tatizo limekuwa umri. Sheria hiyohiyo iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15, huku mvulana akitakiwa kufikisha 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, ilitamka kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, na ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ilikata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ilikubaliana na Mahakama Kuu. Aidha, tangu mwaka 2016 Sheria ya Elimu inakataza kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 30.

Msikilizaji, ng'ombe wa mahari ni heshima, na undugu kati ya boma na boma ni kitu kizuri. Hayo hatuyapingi. Tunachoomba ni kwamba kabla ng'ombe hawajahesabiwa, binti aulizwe, akiwa ametimiza umri, na jibu lake lisikilizwe hata likiwa ni hapana. Kama unajua mtoto anayelazimishwa kuolewa, mwone mtendaji wa kijiji, ofisa ustawi wa jamii, au dawati la jinsia na watoto la polisi. Unaweza pia kupiga namba 116 bila malipo.

Tamthilia tuendelee kuzitazama. Ila mtu akisema "si umemwona Jodha," tumjibu kwamba yule tuliyemwona ni mwigizaji. Bibi harusi wa mwaka 1562 hatujui hata jina lake. Wa mwaka huu tunamjua, na yupo nyumbani. Tumuulize.