Betri za taa za dagaa zisiachwe tupu wakati wa mbalamwezi

WAVUVI wa dagaa wa Ziwa Victoria wanajua kuwa mbalamwezi ikiwa kali, taa haivuti samaki. Mitumbwi hupandishwa mchangani, nyavu hushonwa na betri huwekwa stoo hadi giza lirudi. Hapo ndipo betri nyingi hufa, tena bila kufanya kazi yoyote.

Kwa waliohama kutoka karabai kwenda taa za LED, gharama ya mafuta ya taa imegeuka kuwa gharama ya betri. Betri ya risasi na tindikali iliyotumika usiku kucha kisha ikaachwa bila chaji huota ukoko mgumu kwenye mabamba yake. Chaji ya baadaye haiondoi ukoko wote. Mwenye mtumbwi hulaumu duka lililomuuzia, na pale ambapo gharama hukatwa kabla ya mgao, hasara hiyo humfikia hata mvuvi asiyemiliki kasia.

Betri ichajiwe ijae kabla ya kupelekwa stoo, siyo siku ya kuitoa. Ikipumzika saa chache nje ya chaja, betri nzima ya volti 12 husoma 12.6 au zaidi. Ikisoma 12.1 imebaki nusu hivi, na kuendelea kuikamua ni kuifupishia maisha, hasa ikiwa ni ya gari, iliyotengenezwa kuwasha injini kwa sekunde chache tu. Maji yakipungua iongezwe maji ya betri, siyo ya ziwani wala tindikali.

Wenye vibanda vya kuchaji nao wana la kujibu. Betri ya ampea-saa 70 iliyotumika nusu huhitaji zaidi ya saa tano kwenye chaja ya ampea 7, kwa kuwa chaji ya mwisho huingia polepole. Anayeipokea saa sita mchana na kuirudisha saa tisa ameuza nusu kwa bei ya nzima. Kupima papo hapo hakusaidii, maana betri ikitoka tu kwenye chaja husoma juu.

Tunashauri vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) vikubaliane na vibanda kuhusu muda wa kuchaji, vinunue mita ya pamoja kwa kila mwalo, na kudai vibanda vipitishe hewa, kwani gesi ya betri hulipuka. Kikao kiitishwe mbalamwezi ijayo, wavuvi wakiwa nchi kavu.