Daftari la Wiki: Mhimili Unaolala

Kitako cha darubini, yaani sehemu inayoibeba na kuigeuza, hufikiriwa mwisho wakati wa kununua, ingawa lenzi bora juu ya kitako kinachotetema haina faida. Kwa mtazamaji wa Afrika Mashariki uchaguzi huo una ugumu wa pekee. Kitako cha ikweta, ambacho mhimili wake mmoja huelekezwa kwenye ncha ya mbingu ili darubini ifuate nyota zinazosogea nyuzi 15 kwa saa, hudai mhimili huo uinuliwe kwa pembe iliyo sawa na latitudo ya mahali. Jijini Dar es Salaam pembe hiyo haifiki nyuzi 7, nacho kitako kilichobuniwa kwa ajili ya Ulaya huenda skrubu yake ikagota kwenye nyuzi 15 au 20. Dawa yake ni kuufupisha mguu wa stendi ulioelekea kusini hadi mhimili ulale inavyotakiwa, na hapo pimamaji iliyobandikwa kwenye stendi haina tena la kusema, kwa kuwa kinachotakiwa ni mhimili kuelekea nchani, wala si stendi kukaa sawasawa. Mhimili unapolala hivyo, uzito wa kusawazisha huning'inia karibu na miguu na kuweza kuigonga, kasoro inayoondolewa kwa nguzo fupi kati ya stendi na kitako.

*

Kitako sahili zaidi ni kile kinachogeuka kushoto na kulia, juu na chini tu, mfano wa kile cha plaiwudi ambacho John Dobson alikieneza kutoka San Francisco tangu miaka ya 1960. Kwa anayetazama kwa macho bila kupiga picha, hicho ndicho cha kununua, ila kina udhaifu ambao ikweta huuanika: kitu kikiwa utosini kabisa, msukumo wa pembeni huizungusha darubini pale pale bila kukifuata. Bahati mbaya, nyota tatu za mkanda wa Orioni hupita karibu kabisa na utosi wa Nairobi, na wingu la gesi lililo chini yake hupita si mbali na utosi wa Dar es Salaam. Subira ya saa moja hulitatua jambo hilo, maana kitu huwa kimekwisha kushuka kama nyuzi 15.

*

Msafiri wa ndege hana sababu ya kubeba chuma cha kusawazishia. Chupa ya maji ya lita moja na nusu, ikifungwa kwa kamba imara kwenye fimbo ya uzito, hutoa kilo moja na nusu, mradi ijazwe hadi shingoni, kwa sababu maji yanayochezacheza ndani huitikisa darubini. Penye ufuo, mchanga mkavu ni bora zaidi, kwani ujazo ule ule huwa mzito kuliko maji.