Msimpangishie Mama Stoo

Arobaini ya mama ndiyo kwanza imepita, na tayari kaka amepata stoo ya kukodi. Ameshapanga: maboksi mazito chini, mepesi juu, kila boksi liandikwe kilichomo, katikati ibaki njia. Mpango mzuri. Naupinga.

Eti tunamtunza mama. Ndugu zangu, tunalipia kila mwezi ili tusiamue. Kanga zake tukizifungia kwenye boksi hapa Dar es Salaam, masika yakiingia zitaota kuvu. Na lile sufuria la pilau, lililolisha misiba ya mtaa mzima, likae gizani likimsubiri nani? Mama hakuwahi kuliacha lilale ndani; wikiendi haikupita bila jirani kuliazima. Huko Marekani, biashara hii ilikokomaa, ukishindwa kulipa kodi vitu vyako hupigwa mnada. Vya mama navyo vije kununuliwa na wasiomjua?

Kaka, tugawe. Shangazi na wajukuu wachague kanga. Sufuria liende kwa majirani, lizidi kuazimwa. Mimi niachieni mbuzi yake tu. Leo usiku nakuna nazi.