Kabla Mtu wa Katuni Hajalia

Nyumba nyingi zina mtoto mmoja ambaye madaftari yake yamejaa michoro. Pembeni mwa hesabu kuna simba anayecheka, na nyuma ya jalada kuna bibi anakimbiza kuku. Mtoto huyo hutazama katuni na kutamani kuzitengeneza siku moja. Mwezi huu tuzungumzie jambo lililo gumu sana katika kazi hiyo: kumfanya mtu wa kuchorwa aonekane ana moyo.

Filamu ya sinema hupitisha picha 24 katika sekunde moja. Kwa katuni za mkono, mara nyingi kila mchoro hupigwa picha mara mbili, hivyo michoro 12 hutosha kwa sekunde. Anayeanza hudhani kazi yake ni mwendo tu. Akitaka kuonyesha mama aliyepata habari ya msiba, humchora ametulia, na mara machozi yanamwagika. Mtazamaji haguswi.

Sababu ni kwamba hisia ina safari yake. Habari huingia, mtu hunyamaza akiipokea, ndipo mwili hujibu. Mara nyingi macho hutangulia, kichwa hufuata, na mabega huja baadaye. Kwa hiyo mwanafunzi huchora kwanza mikao mikuu minne: kabla ya habari, kunyamaza, kilele cha hisia, na utulivu wa baadaye. Kisha huamua kila mkao udumu kwa muda gani. Aliyeona nyoka akinyamaza kwa picha 6 tu na kuruka, tunaona hofu. Aliyefiwa akinyamaza kwa picha 48, yaani sekunde mbili nzima, tunaona uzito wa moyo.

Mfano mzuri ni filamu ya Snow White and the Seven Dwarfs, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Los Angeles, Marekani, tarehe 21 Desemba 1937. Katuni za wakati huo zilijulikana zaidi kwa kuchekesha. Mchoraji Frank Thomas alipewa kazi ya kuwachora mbilikimo wakimlilia binti waliyedhani amekufa. Hakuwafanya wapige mayowe wala kujigaragaza. Aliwachora wameinamisha vichwa, karibu hawasogei, machozi yakishuka polepole. Watu wazima walilia kwa ajili ya michoro.

Mwaka 1981, Thomas na mwenzake Ollie Johnston walitoa kitabu kiitwacho The Illusion of Life. Humo walionya kwamba uso ukibadilika katikati ya mwendo mkubwa, mtazamaji haoni badiliko hilo. Lionyeshwe kabla ya mwendo au baada yake.

Mama mwenzangu, mwanao anaweza kuanza bila kompyuta. Mpe daftari dogo, penseli na kioo.

1. Achague habari moja, kwa mfano: "Baba anarudi leo."
2. Aigize mbele ya kioo mara kadhaa, akiangalia ni nini kinachosogea kwanza.
3. Achore mikao minne. Kila mmoja aujaze weusi kama kivuli. Kama hisia bado inasomeka, mkao ni mzuri.
4. Arudie mchoro wa kunyamaza kwenye kurasa chache, kisha kwenye kurasa nyingi, na kuzipeperusha kwa kidole gumba. Ataona jinsi maana inavyobadilika.

Ukimkuta anakunja uso mbele ya kioo, usimkemee kwamba anapoteza muda. Anajifunza.

Nasi tuna la kujifunza kwake. Mtoto akikaripiwa, mara nyingi hunyamaza na kukutazama tu. Wengi wetu hapo huongeza sauti, tukidhani ni ukaidi. Kumbe yupo kwenye mkao wa pili: habari ndiyo kwanza inaingia. Mpe nafasi kidogo, nawe utazame macho yake kabla hujasema neno lingine.