Usimcheke "Njiti", Uliza Haki Yake ya Chakula Iko Wapi



Pita shuleni wakati wa mapumziko, iwe Mwingi, Mutomo, Wote au Kibwezi, usikize watoto wanavyoitana. Njiti. Kibeti. Bonge. Sisi wakubwa tunasema ah, ni utani tu, watazoea. Wallahi si utani. Surat al-Hujurat aya ya 11 imetukataza kudharauliana na kuitana majina mabaya, na mtoto naye ana heshima yake.

Mnakijua kisa cha Abdullah bin Masud (R.A.). Alikuwa na miundi myembamba. Siku moja alipanda mti, upepo ukaifunua, Maswahaba wakacheka. Mtume (S.A.W.) akawaambia kwamba kwenye mizani miguu ile ni mizito kuliko mlima wa Uhud. Angalieni vizuri: hakumwambia Ibn Masud aende akanenepe. Waliorekebishwa ni wale waliocheka.

Sasa tuje kwetu Ukambani. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2014 ulipata kwamba Kitui, watoto 46 kwa kila 100 wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Kitaifa ilikuwa 26. Yaani Kitui na Pokot Magharibi ndizo zilizokuwa na hali mbaya zaidi nchini. Jiulize, wale watoto wako wapi leo? Wamekuwa wanafunzi. Ndio hao mnaowaita vibeti. Na udumavu huanza mapema, ndani ya zile siku 1,000 tangu mimba hadi miaka miwili, kabla mtoto hajajua hata kuomba chakula. Baadaye mvua zikakosa msimu baada ya msimu, mpaka Septemba 2021 serikali ikatangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Kumcheka mtoto huyu ni kumcheka kwa njaa ambayo hakuileta yeye.

Upande wa pili kuna aibu ya chakula. Mtoto aliyebeba muthokoi au isyo anafunika mkebe wake asionekane, lakini mwenye chipsi na soda anatembea nazo kifua mbele. Nani alitudanganya hivi? Mahindi na maharagwe, au ndengu na mbaazi za mashamba yetu, vinajenga mwili wa mtoto kuliko viazi vya mafuta na maji ya sukari. Na yule anayeitwa bonge akianza kuacha kula ili asichekwe, tumemfundisha kuogopa riziki ya Mwenyezi Mungu. Huyo hahitaji kejeli. Anahitaji chakula kizuri, uwanja wa kucheza na mtu wa kumsikiza.

Ndugu zangu, hili pia ni suala la haki. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya lishe ya msingi. Haijasema mtoto wa Kiislamu au wa Kikristo, wa Nairobi au wa Ikutha. Imesema kila mtoto.

Basi tufanye nini?

Moja, madrasani na nyumbani, jina la kejeli kuhusu mwili lisipite. Ustadh akisikia akanye, kaka na dada wakanye.

Mbili, tukichanga kwa ajili ya watoto wa madrasa, tuwapikie uji au isyo, si biskuti na juisi za rangi kila mara.

Tatu, twendeni kwenye vikao vya bajeti. Chekechea ziko chini ya kaunti, shule za msingi ziko chini ya serikali kuu, kwa hivyo tujue tunamuuliza nani. Makadirio ya kaunti hupelekwa bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Ukija Julai kulia, umechelewa. Muulize MCA wako wazi: pesa za chakula cha watoto wetu ni ngapi, na zinafika shule gani?

Mtoto mwembamba, mfupi au mnene, wote ni amana. Ukimwona anachekwa, simama upande wake. Halafu uende ukadai sahani yake.