Siku mbili za porini kwa mtu wa Kilimarondo

Msimu wa mauzo ukifika, wiki ya kazi katika wilaya za Ruangwa, Nachingwea na Liwale hupimwa kwa kilomita. Ufuta huanza katikati ya mwaka, mbaazi hufuata, kisha korosho kuanzia Oktoba, na minada ya Chama Kikuu cha Ushirika cha RUNALI huhama kutoka wilaya moja hadi nyingine. Katibu wa chama cha msingi cha ushirika (AMCOS), karani wa mizani, dereva wa fuso na ofisa ushirika huhama nayo. Anayetokea Kilimarondo ana njia ya kuvuka kabla hata hajafika Nachingwea mjini, vumbi kiangazi, tope mvua za Desemba zikianza. Anarudi Ijumaa usiku mgongo umekufa ganzi, na watoto wameshalala. Mtu huyu anapumzika vipi? Swali hilo halijadiliwi kama jambo la sera, nami naliona la sera kabisa, kwa sababu pumziko lililo karibu naye kuliko yote, yaani kuingia porini na wanawe kuwinda kitoweo, ndilo tulilolifanya gumu kuliko yote.

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 haimfukuzi mwindaji raia. Inamtambua, mradi awe na leseni. Ila inapiga marufuku mitego, mashimo, sumu, nyavu na kuwinda kwa mbwa, yaani karibu kila nyenzo ambayo mkulima wa kusini aliirithi, na inambakizia bunduki iliyosajiliwa, ambayo kaya nyingi hazina. Sasa mtazame mgeni. Leseni yake ya siku 21 inajulikana duniani kote. Vitalu anamowinda vinagawiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA) kwa mnada wa kielektroniki tangu 2019. Mkewe au mwanawe akitaka kufuatana naye bila kupiga risasi, kuna ada maalumu ya mtazamaji. Kumbe waliotunga taratibu hizi walijua vema kwamba uwindaji ni safari ya familia. Waliifikiria familia yenye wiki tatu za likizo, wakaisahau yenye Jumamosi na Jumapili. Sipingi watalii, maana fedha zao zinalipa mishahara ya askari wa hifadhi. Ninachopinga ni sheria kuwa na ngazi ndefu kwa aliye mbali na kukosa hata kigoda kwa aliye mlangoni.

Hali hii ina historia. Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani Hermann von Wissmann alitoa amri ya kwanza ya kudhibiti uwindaji na kutenga maeneo ya wanyama, na kutokana na mbegu hiyo ndipo Pori la Akiba la Selous lilipokuja kuota. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri, akiandika kuhusu Uzaramo, amehusisha vizuizi vya uwindaji na nguruwe pori waliomaliza mashamba kabla ya vita ya Maji Maji. Miaka ya 1940 Wangindo wengi wa Liwale walihamishwa kwa sababu ya malale, na pori likapanuka juu ya mahame yao. Kwa hiyo mzee wa kusini anaposema mnyama ni wa Serikali, anatamka historia ya ardhi aliyoondolewa.

Najua pingamizi kubwa: ukimfungulia mwananchi, unamfungulia jangili. Hofu hiyo haikutoka hewani. Katika ikolojia ya Selous, tembo wapatao 109,000 waliohesabiwa mwaka 1976 walibaki 13,084 katika sensa ya 2013. Lakini takwimu hizo hizo zinasema jambo jingine. Mauaji hayo yalitokea wakati mwanakijiji akiwa tayari amefungiwa mlango. Yaliendeshwa na biashara ya pembe za ndovu iliyovuka bahari, na paa wa mboga ya nyumbani hakuwamo katika hesabu hiyo. Kijiji ambacho hakipati hata mguu wa paa hakina sababu ya kuamka usiku kumripoti mgeni mwenye silaha nzito. Mpango wa Uhifadhi wa Selous, ulioanza 1988 kwa msaada wa Ujerumani, uliliona hilo. Vijiji vya pembezoni vilipewa mgawo wa wanyama, askari wanyamapori wa vijiji wakawinda, nyama ikauzwa kijijini kwa bei ya kijijini, na askari hao hao wakashika doria. Ni katika mawazo hayo zilipochipuka Jumuiya za Hifadhi za Jamii kama Magingo ya Liwale.

Pingamizi la pili ni zito zaidi kwangu: watu wanaongezeka, wanyama hawaongezeki. Ni kweli, na ndiyo maana nyati na pofu wasiguswe katika mpango huu. Tuzungumzie kanga, kwale, na paa pale hesabu inaporuhusu. Nguruwe pori angefaa kwa wingi wake na kwa uharibifu wake shambani, ingawa kwa mkoa wenye Waislamu wengi kama Lindi huyo hawezi kuwa kitoweo cha kila nyumba. Wapo pia watakaosema Kilimarondo inahitaji barabara na maji kabla ya burudani. Inahitaji vyote. Ila wakulima hawa hawa wanaishi na tembo wanaoingia mashambani, na kanuni za 2011 ziliwawekea kifuta jasho cha ekari zisizozidi tano hata shamba lote likiliwa. Anayebeba hasara ya pori mwaka mzima hajaomba anasa akiomba sehemu ndogo ya faida yake.

Ninachopendekeza ni kibali cha siku mbili, kitolewe na TAWA kupitia serikali ya kijiji, kwa idadi inayopangwa upya kila msimu baada ya kuhesabu wanyama. Bunduki iwe ya kijiji, ibebwe na askari wanyamapori wa kijiji, na yeye ndiye apige. Familia ifuate nyuma: baba akifundisha kusoma nyayo na mwelekeo wa upepo, mama akionyesha ming'oko na uyoga, watoto wakijifunza kunyamaza. Kisu kiwe tayari ili mnyama achinjwe kabla hajafa, na kilichopatikana kiandikwe kwenye daftari la kijiji jioni hiyo hiyo, kabla nyama haijagawanywa.