Usichague Chuo cha Marekani kwa Kuangalia Sweta la Staa

Jamani, ile picha ya mtoto wa staa wetu mmoja wa muvi akiwa na sweta la Harvard imeshazaa balaa huku mtaani. Mama mtu akaandika "tunaanza maisha mapya", mashabiki wakamwaga pongezi. Waliofukunyua wakakuta dogo alikwenda kozi ya kiangazi ya wiki chache, ya kulipia. Sawa, hela zao, hatuwapangii. Shida ni madogo wa Form Six waliojaza orodha zao majina yale yale: Harvard, Yale, Stanford, halafu UCLA "kama akiba".

Harvard mwaka 2024 waliomba watu 54,008, wakachukuliwa 1,937. Omba kama matokeo yako yanawaka, nani atakukataza?

Mimi kinachonikera ni hiyo akiba. Kwa Mmarekani, chuo cha akiba ni kile ambacho ana uhakika wa kukipata. UCLA kwanza inachukua chini ya mtu mmoja kati ya kumi. Pili, wewe wa Mbagala kukubaliwa ni nusu tu ya safari, nusu ya pili ni nani analipa. Vyuo vya umma vya California havimpi mwanafunzi wa shahada ya kwanza kutoka nje msaada wa ada eti kwa sababu kwao hali ngumu. Gharama ya mwaka mmoja inapita dola 70,000. Na chuo hakikupi I-20, ile karatasi ya kuombea viza, mpaka uonyeshe hela ya mwaka wa kwanza ipo. Barua unayo, safari huna. Unabaki kuiposti tu.

Kichekesho ni kwamba Harvard hiyo hiyo ikikuchukua inakulipia kulingana na uwezo wa wazazi wako, na wakati wa kuchagua haijali kama una hela au huna. Kwa hiyo jina kubwa sio kigezo, na jina dogo sio uhakika. Kigezo ni mfuko wa chuo kwa watu wa nje.

Ndio maana nashangaa hakuna anayeposti Berea, kule Kentucky. Wanafunzi wake hawalipi ada ya masomo, ila kila mmoja anafanya kazi pale chuoni. Nafasi za wageni ni chache, usijidanganye. Au Macalester ya Minnesota, alikosoma Kofi Annan. Hao wakikuchukua wanaziba pengo lote la hela, ila kabla ya kukuchukua wanaangalia pengo lako lina ukubwa gani.

Njia ya kujua ni rahisi na haina gharama. Gugo jina la chuo pamoja na maneno "Common Data Set", shuka mpaka H6. Pale vyuo vingi vinaandika wanafunzi wangapi wa nje wamepewa msaada na wastani wa dola ngapi. Ukikuta sifuri, futa jina hilo, hata kama kampasi ina miti mizuri ya kupigia picha.

Ushauri wa bure nao upo, EducationUSA pale ubalozi wa Marekani Dar. Sasa wewe una dada wa Insta anayekuchaji malaki "akupeleke Ivy League". Kabla hujamtumia hela, muulize H6 ni nini. Uone kama atajibu au atakublock.